Goti Lisilokuwa na Kosa

Kila asubuhi kabla ya masomo, wanafunzi wa shule ya Mpui walikimbia mchakamchaka kuzunguka uwanja, na kwa muda mrefu aliyeanzisha nyimbo alikuwa Fortunata, binti wa Zenon, wa darasa la sita. Sauti yake ilisikika hadi barabara kuu ya kwenda Sumbawanga. Lakini mwaka ule, baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, nyimbo zilianzishwa na mtu mwingine. Fortunata alikaa kwenye ngazi za darasa, amejifunika khanga ya mama yake na kuunyoosha mguu wa kulia, akiwatazama wenzake wakikimbia.

"Goti," alijibu kila alipoulizwa.

Na goti hilo lilitunzwa, jamani! Mpui nzima hapakuwa na goti lililopata heshima kama lile. Miaka hiyo watu binafsi walikuwa wameanza kufungua biashara bila vikwazo vya zamani, na maduka ya dawa yalichipuka kila kona ya mji. Kila Zenon alipokwenda Sumbawanga kuuza ulezi alirudi na kitu cha goti: mafuta ya kuchua yenye harufu ya kuwasha macho, vidonge vyeupe, vidonge vya njano, bandeji ya kuvutika. Jioni alimchua binti yake kwa mikono yake migumu ya jembe, huku akimwomba Mungu kimoyomoyo. Vidonge vilituliza maumivu kidogo, kisha yakarudi, na kila yaliporudi yalikuwa makali zaidi.

Zenon alimpenda mtoto wake, hilo halina ubishi. Kasoro yake ilikuwa mdomo. Alimsemea kila mtu. Ungemsalimia mkewe, Bertilla, Zenon angekwisha kuitikia. Walipokwenda zahanati, mganga alimwuliza Fortunata anaumwa wapi, na kabla mtoto hajafungua kinywa baba alisema, "Goti, mganga. Goti la kulia." Mganga akatoa vidonge vya goti.

Ukweli aliujua mtu mmoja tu. Huyo alikuwa Rahel, binti wa mfugaji Masanja, ambaye familia yake ilikuwa imehamia huku Ufipa na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga. Rahel ndiye aliyembebea Fortunata mkoba wakati wa kurudi nyumbani.

"Goti linauma kweli, sidanganyi," Fortunata alimwambia siku moja walipokaa kupumzika njiani. "Lakini maumivu yanaanzia huku." Akagusa kwenye kinena, pale paja linapoungana na mwili, akauondoa mkono upesi.

"Sasa mbona baba yako anachua goti?"

"Nitamwambiaje baba habari za hapo? Hata mama naona haya. Kule kisimani niliwasikia akina mama wakimsema binti mmoja aliyeumwa sehemu hizo. Walimcheka, Rahel, wakasema maneno mabaya. Niapie hutamwambia mtu."

"Naapa," Rahel alisema, lakini hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Ila wewe Fortu, unaona aibu kusema. Hutaona aibu kutambaa?"

Fortunata alikasirika. Alichukua mkoba wake, akaenda nao mwenyewe akichechemea hadi nyumbani.

Mavuno ya ulezi yakapita. Paja la kulia likakonda kuliko la kushoto, na usiku aliuma shuka ili wadogo zake wasimsikie akilia. Asubuhi moja alijaribu kushuka kitandani, mguu ukakataa kabisa. Bertilla alipiga kelele. Zenon alitupa jembe, akambeba binti yake mgongoni hadi barabarani, na wakapanda lori la mahindi lililokuwa likielekea mjini.

Hospitalini walipokewa na Daktari Modesti, kijana mrefu mwenye sauti ya taratibu. Pamoja naye alikuwa muuguzi mmoja wa makamo aliyeitwa Sista Hellena.

"Shikamoo, daktari," alisema Fortunata.

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa wapi?"

"Goti!" alisema Zenon. "La kulia. Linamwanza asubuhi, linapoa kidogo mchana, usiku tena!"

Daktari alilishika goti, akalikunja, akalikunjua. Halikuwa limevimba wala halikumwuma lilipokunjwa. Akaagiza lipigwe picha ya eksirei. Picha ilipotoka, aliiinua dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mzee, goti hili ni zima kuliko langu," alisema.

Zenon alifurahi mpaka akasimama. "Asante Mungu! Kumbe si kitu! Fortunata, umesikia? Twende zetu nyumbani."

Fortunata alibaki kitini. Alikuwa amepata alichokitaka, yaani kuondoka bila kuulizwa zaidi. Lakini alijua vizuri kwamba goti kuwa zima hakukuwa habari njema. Ugonjwa ulikuwa bado humo mwilini, na angerudi nao Mpui.

Daktari hakuwa amemaliza. Aliuangalia ule mguu uliokonda, akaona jinsi mtoto alivyokalia kiti kwa upande mmoja. "Mwenyewe unasemaje?" aliuliza.

"Anasema ni go—"

"Mzee wangu, naomba utupishe. Tutabaki naye mimi na sista hapa."

Zenon alitoka shingo upande. Mlango ukafungwa.

"Haya, Fortunata. Maumivu yanaanzia wapi?"

"Gotini!" ilijibu sauti ya Zenon kutoka dirishani.

Sista Hellena alikwenda kulifunga dirisha akiwa ameuma midomo asicheke. Fortunata alitazama sakafu. Aliwafikiria akina mama wa kisimani, uso ukamwaka moto. Akayakumbuka maneno ya Rahel yaliyomkasirisha, na safari hii hakukasirika, aliogopa. Akajiona akitambaa uani mbele ya wadogo zake.

"Huku," alisema kwa sauti ndogo, akaweka mkono kwenye kinena. Safari hii hakuuondoa. "Yanaanzia huku, yanateremka gotini. Tangu zamani. Niliona haya kusema."

Alilia. Hakulia kwa maumivu. Ulikuwa mzigo wa miezi mingi unaotua.

"Hakuna haya hapa," alisema Sista Hellena, akimfunika miguu kwa shuka.

Daktari aliushika mguu taratibu, akauzungusha kidogo tu, Fortunata akapiga ukelele. Picha ya pili ilipigwa, safari hii ya nyonga, na baada ya vipimo vingine daktari alimwita Zenon.

"Mzee, ni kifua kikuu cha mfupa. Kimeshika nyonga. Nyonga ikiugua, mara nyingi goti ndilo linalolia. Na mtu anaweza kuugua hivi bila hata kukohoa."

Zenon, kwa mara ya kwanza maishani, alikosa neno. Baadaye aliuliza kwa shida, "Atatembea?"

"Tumewahi. Angechelewa zaidi, mguu ungebaki mfupi au nyonga ingekakamaa. Dawa zipo, nazo hamzilipii. Ila ni za muda mrefu, na asiruke hata siku moja."

Fortunata alilazwa wiki nyingi, mguu umefungwa kamba yenye uzito wa kuuvuta, akichomwa sindano na kumeza vidonge vilivyompa kichefuchefu. Rahel alimtumia maziwa yaliyochemshwa pamoja na salamu. Siku moja aliamka asubuhi, akagundua kwamba amelala usiku kucha. Alimwita Sista Hellena kumwambia tu hilo, wakacheka wote wawili.

Msimu wa ulezi ulipofika tena, Fortunata aliingia kwa daktari akitembea mwenyewe, bila fimbo. Baba na mama yake walimfuata nyuma. Daktari alimpima, akaridhika.

"Sikiliza, mwanangu, na wenzako shuleni uwaambie," alisema. "Daktari hapigi ramli. Anatibu kile alichoambiwa na kile alichokiona. Mwili hauna sehemu ya aibu mbele ya tabibu. Ukificha mahali panapouma, dawa itakwenda pengine, na ugonjwa utabaki unajenga nyumba. Na nyie wazazi, mtoto akiulizwa, mwacheni ajibu."

"Nimekoma, daktari," alisema Zenon.

Waliinuka kuaga. Bertilla peke yake hakuinuka. Alikuwa ameshika ncha ya khanga yake, akiizungusha vidoleni.

"Daktari," alisema polepole, "na mimi nina maumivu yangu. Tangu nilipojifungua yule mtoto wetu wa mwisho. Sijawahi kumwambia mtu."

Zenon alimtazama mkewe kwa mshangao mkubwa.

"Baba Fortunata, tupishe kidogo," alisema Bertilla.

Zenon alichukua kofia yake, akamshika binti yake mkono, wakatoka. Daktari alivuta kiti karibu.

"Haya, mama," alisema. "Nakusikiliza."