Picha Nyepesi za Ibtisam

Kovu halikuwepo. Aidarus aliikuza picha, akausogeza uso karibu na kompyuta. Mkono wa marehemu mkewe ulikuwa laini kama nta, kama vile haukuwahi kuunguzwa na kikaango siku ya pili ya ndoa yao.

Picha zilikuwa sitini. Ibtisam hakupenda kupigwa picha. Alikubali kwa ajili ya duka lao la nguo pale Mtoni tu, akavaa yale magauni mapana ya madira, moja baada ya jingine. Hakuacha picha nyingine. Lakini wateja walilalamika kwamba tovuti inazunguka tu, haifunguki, na Abrar, binamu wa Aidarus, akamcheka kwenye simu.

"Braza, bado uko na JPEG za mababu? Zigeuze AVIF, aina mpya ya faili. Inavitupa nje vile vitu vidogo ambavyo jicho halivioni, picha inakuwa nyepesi kama pamba."

Akazigeuza zote. Kisha, kwa kutafuta nafasi, akafuta zile za mwanzo. Tovuti ikafunguka kufumba na kufumbua.

Jicho la mteja halikuona kitu. La mume liliona.

Alasiri ile jikoni kukanukia asumini. Bangili zikalia. Mkono ukasogeza pazia la mlango wa jikoni, na juu ya mkono ule lilikuwepo kovu.

Shangazi Wahiba, anayewasomea wagonjwa Kurani, alifika na kugoma kuvuka kizingiti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani yumo humo?" alinong'ona.

"Ni Ibti."

"Ibti tulimzika, baba. Huyo jini. Anaokota ulivyovitupa, anajivika. Futa hizo picha, mie nisome, atatoka."

"Nikizifuta nitabaki na nini?"

"Na akili yako, mwanangu."

Akamwomba arudi kesho. Shangazi alipoondoka, Aidarus aliketi, na badala ya kufuta akaushusha ubora wa picha kutoka asilimia sitini hadi arobaini, malaika, vile vinyweleo laini vya shingoni, yakatoweka kwenye skrini na nyuma ya pazia mtu akavuta pumzi, akaushusha hadi ishirini, vishimo vya mashavuni vikaenda, harufu ya asumini ikazidi, bangili zikasogea, akashusha tena huku machozi yanadondokea vibonye, tena, na tena, mpaka madira sitini yakawa yamesimama yakiwa na ukungu mahali pa uso, na pazia likafunguka.

Alikuwa yeye. Kila kilichotupwa kwenye zile picha za duka kilikuwepo, hata kijasho cha juu ya mdomo.

"Ibti," aliita. "Mke wangu."

Ibtisam akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu aliyeingia dukani kwa mara ya kwanza.

"Karibu, kaka," alisema. "Nikuoneshe dira gani?"