Seli za Mtani

Pazia lilining'inia katikati ya chumba bila kamba wala fremu. Lilikuwa nuru tupu, pana kama mlango, na ndani yake ulionekana mfupa wa paja la mtu aliye hai, umekuzwa mara elfu. Damu ilipita. Seli zilijigawa. Mwenye paja alikuwa amelala kitandani upande wa pili, akitafuna karanga.

Daktari Nyamizi alitumia miaka tisa kulibuni Pazia hilo, hapa Tabora, na bado kila asubuhi alilitazama kana kwamba ni mara ya kwanza. Mgonjwa wake, Mwinshehe, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa refa wa mwisho wa damu na nyama katika ligi. Mashine ziliamua mipira ya kuotea, lakini sheria ilitaka binadamu mmoja uwanjani, wa kupuliza filimbi na kuzomewa.

Miezi minne iliyopita goti lake lilikuwa limekwisha. Tiba yake ilikuwa seli shina, seli changa zisizochagua kazi bado, ambazo huitikia wito wa jeraha na kulijenga upya. Kanuni ilitaka zitoke kwa mgonjwa mwenyewe, na mwili wake uchunguzwe miezi mitatu kwanza. Za Mwinshehe zilikuwa zimechoka, na fainali ilikuwa wiki sita mbele. Akadai, kwa utani wa makabila yao mawili, kwamba Mnyamwezi kama yeye hana ruhusa ya kumnyima Mzaramo kitu, basi ampe zake. Nyamizi akacheka. Kisha akampa kweli, bila kusubiri.

Alizikuza, akazitia alama ya kijani ili azitambue, na kila moja akaiwekea swichi: sindano moja ingezizima zote. Mwinshehe akachezesha fainali akikimbia kama kijana, akamwambia kila mtu kwamba kwa goti hili la Kinyamwezi sasa angeweza kubeba mzigo kichwani hadi pwani kama wapagazi wa Kinyamwezi wa zamani.

Wiki hii ulionekana uvimbe juu ya goti. Saratani.

Kwenye Pazia, seli za kijani zilikuwa zinaacha goti na kutambaa kuuelekea. Nyamizi alidhani zinakwenda kuushambulia. Akasogeza kiti, akatazama saa nzima bila kupepesa.

Hazikushambulia. Zilipofika ziliuzunguka uvimbe, zikaita mishipa ya damu, nayo ikachipua na kuulisha. Askari wa kinga walikuja kupigana. Seli za kijani zikawamwagia kemikali ya kuwatuliza, wakasimama kama walinzi waliopewa chai.

Kwa nini? Aliliamuru Pazia lionyeshe kemikali zinazotoka kwenye uvimbe, akazilinganisha na zile za jeraha. Zilikuwa zilezile. Uvimbe ulilia kama kidonda, kidonda kisichotaka kupona, na seli za Nyamizi zilikuwa zinautibu kwa uaminifu wote.

Alitafuta picha ya siku ya kwanza. Doa la saratani lilikuwepo tayari, dogo kuliko punje ya ulezi, limelala. Miezi mitatu ya kusubiri ingelifichua.

Alizunguka Pazia akakaa ukingoni mwa kitanda. Alimweleza Mwinshehe yote, doa, haraka yake, na swichi. Akizizima, uvimbe utakosa wahudumu na dawa zitauweza. Lakini goti lilijengwa kwa seli hizohizo. Litakufa nazo. Atatembea kwa mkongojo, na hatakimbia tena.

"Nilikosea, kaka Mwinshehe," alisema.

"Kaka tena? Leo mimi si mtani?" Mwinshehe aliweka karanga pembeni. "Hebu nizione."

Alizitazama muda mrefu zikitambaa, moja nyuma ya nyingine, zikiwa na haraka ya kusaidia.

"Zinafanana na wewe," alisema hatimaye. "Zikiitwa, zinakwenda. Haziulizi anayeita ni nani."

Mwinshehe alilipapasa goti, akalikunja, akalinyoosha, akalikunja tena. Kisha akamnyooshea mkono.

"Choma. Filimbi nimeshapuliza za kutosha."

Sindano ilichukua sekunde nne. Kwenye Pazia, kijani kilianza kuzimika, kwanza pembeni mwa uvimbe, kisha gotini, hadi mfupa mzima ukabaki mweupe. Uvimbe uliendelea kutoa kemikali zake. Uliita na kuita. Hakuna aliyekwenda.

Wiki tatu baadaye, kwa dawa, uvimbe ulikuwa umesinyaa nusu. Nyamizi alikuwa ameinamia meza akiandika ripoti, na kosa lake alikuwa ameliweka ukurasa wa kwanza, aliposikia mkongojo ukianguka nyuma yake.

"Daktari, njoo unisaidie kusimama."

Nyamizi aliinuka nusu, kisha akajizuia.

"Anayeita ni nani?"

Kicheko cha Mwinshehe kikajaa chumba.

"Mzaramo wa mguu mmoja na nusu. Njoo, mpagazi, mzigo wako uko chini."

Nyamizi akaenda, akamwinamishia bega.