Malori Yasiyo na Mzigo

Lori lilipita tena.

Scania jekundu, tela tupu, turubai limekazwa kana kwamba limebeba mali ya mfalme. Namba zilikuwa mpya. Dereva alikuwa yule yule, shingo nene, kofia ya manjano, sigara mdomoni.

Kitasa, mpelelezi wa siri, alitia gia Probox yake kuukuu, akalifuata.

Lori lenye mzigo hutulia barabarani. Hili lilirukaruka kwenye kila shimo. Likapanda kilima, likaingia nyuma ya kituo cha mafuta kilichofungwa siku nyingi. Kitasa akapita kama hana habari, akasimama mbele kidogo, akachomoa darubini ya Nikon chini ya kiti.

Kumbe! Vijana wawili walikuwa wanabandua namba zenye sumaku na kubandika nyingine. Lori likatokea upande wa pili, likateremka tena barabara ile ile.

Akabonyeza redio.

"Makao, Kitasa hapa."

"Sema." Sauti ya Mkuu, kavu kama kawaida.

"Malori ni yale yale. Yanazunguka na kubadilisha namba."

"Glavu umemwona?"

"Bado."

"Basi usiguse kitu. Waache wazunguke."

Glavu alikuwa mgeni, mfanyamagendo, aliyevaa glavu za ngozi hata jua likichoma. Alitaka kujenga dipo, yadi ya malori, juu ya kilima kile, na ndani ya mifuko ya saruji apitishe bunduki. Lakini jiji lilikuwa na sheria yake. Kabla hujajenga, wanahesabu magari yanayopita na kupima moshi wake, kisha wanakadiria jengo lako litaongeza kiasi gani. Ukizidisha, kibali hupati ng'o.

Glavu akaja na akili ya kishetani. Aliichafua barabara mapema, wiki ile ile ya kuhesabu, ili hali iliyopo ionekane mbaya kiasi kwamba malori yake yasionekane kitu. Nguo ikishaloa, nani atahesabu tone?

Mipira miwili myeusi, mirefu kama ya kumwagilia bustani, ilikuwa imelazwa kukatiza lami. Kila gurudumu lilipoikanyaga, kisanduku kilichofungwa mnyororo kwenye nguzo kilihesabu. Juu ya nguzo kulikuwa na kipima moshi.

Na nguzo yenyewe, jamani, ilisimama mbele ya lango la shangazi yake Kitasa.

Shangazi ndiye aliyemlea. Jioni ile alimfungulia mlango kidogo tu, akamvuta ndani kwa mkono.

"Ingia upesi, baba, usinijazie moshi."

Alikuwa ametundika shuka lenye maji dirishani. Lilishakuwa jeusi. Mkononi alishika pampu ya pumu, na kila baada ya maneno machache alipumzika.

"Barabara hii imepatwa na wazimu gani? Nikiosha kikombe, nikigeuka tu, masizi."

"Njoo ukae kwangu, shangazi. Siku chache."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na Kitasa akamshika mgongo mpaka kikapita.

"Kwako? Chumba cha kapera, sufuria moja, na hiyo moja haina mfuniko? Oa kwanza, ndipo unialike."

"Sifanyi mzaha."

"Basi niambie kwa nini nihame nyumba yangu."

Hapo ndipo nafasi ilipokuwa. Sentensi moja tu ingetosha. Malori haya ni ya uongo, shangazi, na hayatakoma mpaka tumkamate mtu. Angechukua mkoba wake saa hiyo hiyo, maana hakuwa mjinga wala mbishi wa bure. Lakini Kitasa hakupewa jina lile hivi hivi. Siri ikiingia kwake haitoki. Miaka yote shangazi aliamini kwamba mtoto wake anauza bima.

"Watu wanasema itapungua wiki hii hii," akasema.

"Watu gani? Wewe huongei na watu!" Akampapasa shavu. "Na hiyo bima yako, mbona mimi hujaniuzia? Haya, nenda, baba. Kazi ni kazi."

Alijua anakosea, na bado akatoka. Ndani ya gari alikamata redio.

"Mkuu, niruhusu niyasimamishe. Kuna wagonjwa kwenye barabara hii."

"Barabara zote zina wagonjwa. Gusa lori moja, Glavu anapanda ndege, na bunduki zinaingia kwa mlango mwingine. Subira yavuta heri."

Heri ya nani, hakusema.

Siku ya mwisho ya kuhesabu, jua la utosi, Glavu akaja kukagua kazi yake. Malori yalimpangia foleni kutoka juu ya kilima mpaka chini, injini zikinguruma, moshi umetanda mpaka watu wanapita wameziba pua. Kitasa alikuwa amelala kifudifudi juu ya paa la kituo cha mafuta, bastola ya Beretta kiunoni, droni ya DJI ikizunguka angani.

Nyuma kabisa ya foleni king'ora kikalia.

"Makao, ambulensi imekwama nyuma ya malori. Naomba niifungulie njia."

"Glavu yuko wapi?"

"Land Cruiser nyeusi. Inaingia kituoni sasa hivi."

"Subiri ashuke."

Hakushuka. Alikaa na kiyoyozi chake, anaongea na simu, anacheka. King'ora kikalia, kikanyamaza, kikalia tena. Dereva wa ambulensi alishuka akawa anayagonga malori kwa ngumi.

Mlango ukafunguka. Glavu za ngozi.

"Sasa," Mkuu akasema.

Kitasa akaruka.

Mlinzi wa kwanza alikula kiwiko cha shingo, akalala. Wa pili alichomoa bunduki fupi aina ya Uzi, lakini risasi moja ya Beretta ikamwangushia silaha chini, kelele zikamtoka. Glavu akatimua mbio kuelekea lori jekundu. Kitasa akamdaka ukosi, akambana kwenye gurudumu.

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Geuza mikono."

Pingu zikafunga. Akampokonya redio ya madereva.

"Bosi wenu ninaye hapa! Ondoeni malori njiani, upesi!"

Yakasogea moja moja, kwa uvivu wa kukera. Ambulensi ikapenya, ikateremka kasi. Kitasa akaifuata kwa macho kwenye skrini ya droni, ajue inaenda kwa nani.

Ikasimama penye nguzo ya kipima moshi.

Akawaachia Glavu askari waliokuwa wameshafika, akakimbia. Mtu aliyefundishwa kutokimbia ovyo alikimbia kama mtoto. Kizingitini alimkuta jirani, fundi cherehani, anajipiga mapaja.

"Tulipiga simu mapema, baba. Mapema kabisa! Walisema wako njiani."

Shangazi alikuwa ameegemezwa ukutani, macho yamefumbwa, pampu tupu mapajani. Daktari wa ambulensi alishasimama pembeni.

Kitasa akapiga magoti. Akamwambia yote. Kwamba hauzi bima. Kwamba malori yalikuwa ya uongo na yeye alijua. Siri zote zilizowahi kuingia kwake zilitoka mchana ule, na shangazi hakusikia hata moja.

Baada ya mazishi aliitwa kwa mhandisi wa barabara wa jiji kutia sahihi ushahidi wake. Mhandisi alikuwa mama mpole mwenye miwani mikubwa. Alimsogezea kiti.

"Umetusaidia sana, kaka. Dipo limekataliwa." Akageuza kompyuta ili Kitasa aone. "Na wiki ile tumeifuta yote. Hatuwezi kuweka magari ya uongo. Tutahesabu upya."

"Magari yalikuwa ya uongo," Kitasa akasema. "Moshi haukuwa wa uongo."

"Ni kweli. Lakini tunapima barabara ilivyo kwa kawaida. Kwa hesabu zetu, wiki ile haikuwepo."

Kitasa aliutazama mstari wa grafu kwenye kompyuta. Ulikuwa umenyooka, hauna tatizo lolote.

"Sasa, dada, shangazi yangu amekufa lini?"

Mhandisi alivua miwani, akaishika tu.

Kitasa akatia sahihi pale alipoonyeshwa, akafunga kifungo cha koti, akaaga kwa adabu. Redio ikaita mfukoni: kazi mpya. Akaacha iite. Waliopishana naye kwenye ngazi walimwona mwanamume mtulivu, hana haraka, miwani ya jua usoni. Hawakuona kwamba alikuwa analia tangu ghorofa ya tatu.