Maji Yasiyopoa

Lilianza kama jambo la kuchekwa. Joweria alimwogesha mtoto saa tisa alasiri, akamkausha, akamvika gauni, akasahau kuvuta kizibo cha beseni kubwa la kuogea. Aliporudi bafuni baada ya Magharibi na kutia mkono majini, maji yalikuwa na joto lilelile, joto la uji uliopozwa ili mtoto anywe.

Sasa, mwezi wa Julai Dubai hata bomba la maji baridi hutoa maji ya moto, maana matangi yako juu ya paa na jua halina huruma na mtu. Hilo Joweria alilijua. Lakini maji yakikaa saa nne na zaidi katika chumba chenye kiyoyozi hupoa, hata yangetoka jehanamu. Alivuta kizibo, na maji yalipokuwa yakishuka yakaacha harufu ya chuma chenye kutu. Akajiambia ni mabomba, akaenda kupika.

Nyumba ilikuwa ya sir Raed na mkewe, madam Maha, katika mtaa wa Al Warqa. Chumba cha chini alikaa mama yake Raed, Bi Sharifah, mzaliwa wa Unguja, aliyeapa kuwa mjukuu wake hatakua bila Kiswahili. Ndiyo sababu akatafutwa Joweria, Mwislamu kutoka Masaka, Uganda, ambaye Kiswahili chake bibi huyo alikicheka mwaka mzima wa kwanza. Alifika mjukuu huyo, Shadia, akiwa na siku arobaini. Sasa Shadia alikuwa na miaka sita, na katika miaka hiyo Joweria alimpenda mtoto yule kupita kiasi ambacho mwajiriwa anaruhusiwa kumpenda mtoto wa watu.

Juma moja kabla ya maji yale, wote isipokuwa bibi walikwenda Uingereza kupumzika siku nne katika mji wa Bath. Ni mji wa kale, nyumba zake za mawe ya rangi ya asali, na mvua yake nyembamba iliwafurahisha hata wakakataa miavuli. Siku ya pili Shadia aling'oka jino la kwanza akitafuna mkate mtamu. Joweria alilifunga kwenye karatasi laini akalitia mfukoni, wakirudi alirushe juu ya paa kama inavyotakiwa.

Jioni hiyo, akipita mlangoni kwa wakubwa, alimsikia madam Maha akilia.

"Akiota vibaya anamwita Joweria," alisema. "Mimi ndiye niliyemzaa, Raed! Viza yake inaisha mwezi wa nane. Ikiisha, khalas, arudi kwao."

Joweria hakulala. Kesho yake walikwenda kuona mabafu ya kale ambayo yameupa mji ule jina. Maji ya kijani yalifuka mvuke chini ya anga wazi, na hakuna aliyeyachemsha, yanatoka ardhini hivyo hivyo. Mwongozaji alieleza kwamba watu wa zamani waliamini chemchemi ile ina mwenyewe, wa kike, nao walimtupia vitu na kumwandikia maombi, mengi ya kuwaapiza wezi wao. Sir Raed alicheka. Palikuwa na kidimbwi ambamo wageni hutupa sarafu na kunuia jambo, na madam akampa Shadia sarafu, akatupa. Joweria hakuwa na sarafu. Mkono wake ulipoingia mfukoni ulikutana na ile karatasi.

Alilitupa jino. "Nisitenganishwe na mtoto huyu," alinong'ona. Hakumtaja Mungu, na baadaye hilo lilimchoma kuliko mengine yote.

Siku ya tatu baada ya yale maji kukataa kupoa, Joweria alitoka kwenda grosari ya kona kununua vitunguu. Hakuwa amefika hata nusu ya barabara Shadia alipoanza kukohoa. Alikohoa maji, vikombe viwili vizima, ya uvuguvugu, yenye ukijani. Joweria alipoitwa akarudi mbio na kumshika, kikohozi kikakatika. Hospitali walimpiga picha kifua wakasema ni kikavu kabisa. Kesho yake madam alimchukua mtoto peke yake kwenda kwa dada yake, na ikabidi arudi kabla ya kutoka mtaani, gari zima limelowa, mtoto midomo ya bluu.

"Usiondoke, Joweria," madam alisema. "Nilitaka urudi kwenu viza ikiisha, lakini hilo tuache. Mtoto hawezi bila wewe."

Na Joweria akafurahi! Tuseme ukweli: mtoto anaumwa, mama mtu analia, naye alijifungia stoo akacheka kwa furaha akiwa ameziba mdomo kwa kitenge.

Furaha hiyo ilidumu hadi Alhamisi. Siku hiyo adhuhuri, jua limesimama utosini na mtaa mzima umefunga mapazia, alitoka dakika moja tu kutupa taka kwenye pipa la nje, na aliporudi aliona nyayo za maji kwenye marumaru ya ngazi, nyayo ndefu nyembamba zinazopanda na hakuna zinazoshuka, na kando yake vinyayo vidogo alivyovijua, akazifuata huku ile harufu ya kutu ikizidi kila ngazi, mpaka akafika bafuni na kulikuta beseni aliloliacha tupu limejaa pomoni likifuka mvuke, na ndani yake, chini kabisa, Shadia amelala chali na gauni lake, macho wazi, nywele zikielea, anacheka na kuzungumza na mtu aliye nyuma ya bega la Joweria, na mapovu hayatoki.

Alimvuta. Mtoto hakukohoa wala kuhema.

"Dada, bibi wa maji kasema tumebakiza kidogo," alisema. "Kasema kwake pana nafasi ya sote wawili. Hutatenganishwa na mimi."

Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa. Joweria alivikausha, akavipangusa, akavipuliza, navyo vikabaki hivyo hivyo.

Alishuka kwa Bi Sharifah akapiga magoti, akamweleza yote. Alipofika kwenye jino, bibi alijishika kichwa.

"Banange, Bibi, sikujua!" Joweria alilia, Kiganda kikimtoka.

"Nyamaza, wasikusikie huko juu. Ulimpa jino, mwanangu? Kiungo cha mtoto? Basi umemtoa kafara. Mwenye maji kapokea, na alichopokea anakuja kukichukua, na wewe pamoja naye."

"Tumsomee, Bibi."

"Tutamsomea. Lakini yule si jini wetu, hajui hata salamu zetu. Atakayemrudisha ni wewe uliyemtoa. Utasimama mbele ya maji useme humtaki mtoto, na mtoto asikie. Kisha uondoke nchi hii. Na ukishasema, Joweria, usigeuke hata moyoni. Ukimtamani tena mtoto, umemwita mwenye maji."

Ijumaa baada ya swala, kwa amri ya bibi, wote walikusanyika bafuni. Bi Sharifah alitia ubani kwenye chetezo, akanyunyiza marashi, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Maji ya beseni yalitokota polepole, na kwenye kioo kilichojaa mvuke alama ya kiganja ikajitokeza, kisha ya pili.

"Sema," bibi alinong'ona.

Joweria alimtazama Shadia aliyekuwa mikononi mwa mama yake. "Simtaki mtoto huyu," alisema.

"Dada?"

"Sikuwahi kumtaka. Nilimlea kwa mshahara. Simpendi, na nikitoka hapa simkumbuki."

Shadia alilia kilio ambacho Joweria hakuwahi kukisikia katika miaka sita, na alimjua mtoto huyo kwa vilio vyake vyote. Aliguna kidogo kana kwamba amepigwa, akauficha uso kifuani kwa madam Maha. Maji yakatulia. Bi Sharifah alitia mkono ndani, akautoa haraka.

"Baridi," alisema. "Alhamdulillahi. Baridi kama barafu."

Usiku huo huo sir Raed alimpeleka uwanja wa ndege. Madam alimkumbatia mlangoni, na kumbatio hilo lilikuwa la kweli. Shadia hakutoka kuaga.

Joweria alijitahidi, hilo tumpe. Alijizuia kwenye foleni, akajizuia alipofunga mkanda. Lakini ndege ilipoinuka na taa za Dubai zikalala upande, aliweka paji la uso dirishani na moyo wake ukasema wenyewe, bila kumwomba ruhusa: mwanangu. Mara moja tu. Kioo cha dirisha kikawa cha uvuguvugu. Akajiambia ni pumzi zake.

Majuma mawili alikaa Masaka bila kupiga simu. Jumapili ya tatu, asubuhi, uvumilivu ulimwisha, akampigia Bi Sharifah, asikie neno moja tu kwamba mtoto ni mzima.

"Mzima kabisa!" bibi alisema kwa furaha. "Anakula, anacheka. Lakini mbona unanipigia simu na miguu unayo? Shuka basi, chai iko mezani."

"Nishuke wapi, Bibi?"

"Wewe! Tangu Maha akufungulie mlango Alhamisi na begi lako, hushuki kunisalimu. Nilikwambia usirudi, lakini mtoto alikuwa akikulilia, nikasema inshallah kheri."

Joweria aliibana simu sikioni. "Bibi," alisema. "Mimi niko Masaka. Sijatoka Masaka."

Kiti cha Bi Sharifah kikasukumwa nyuma. Zikasikika ndara zake zikipanda ngazi, haraka kuliko umri wake, simu ingali mkononi, kisha kishindo cha kiganja juu ya mbao.

"Shadia! Fungua mlango! Shadia, mjukuu wangu, fungua!"

Maji yalikuwa yakimwagika. Kisha, kutoka nyuma ya mlango ule, Joweria aliisikia sauti yake mwenyewe ikijibu kwa upole.

"Bado tunaoga, Bibi."