Kitufe Kilichomkubali Mtoto

Gari liliwaka, na rimoti yake ilikuwa nyumbani. Mshonaji aligundua hilo akiwa kwenye foleni, alipopapasa mkoba akakuta uzi, futi ya kupimia na pipi za bintiye, basi. Gari la kitufe haliwaki bila rimoti kuwemo ndani. Badala ya kwenda shuleni akakata kona kuelekea gereji, bintiye wa miaka saba akijiimbia kwenye kiti cha nyuma.

"Hivi vitufe vyenu!" alimfokea fundi umeme hata kabla ya salamu. "Ufunguo unautia, unauzungusha, unajua umewasha mwenyewe. Hiki kinawashwa na nani, rimoti ikiwa nyumbani?"

Fundi akacheka. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna waya uliowahi kumshinda. "Dada, hiyo ni sensa ya kutambua rimoti tu, imechanganyikiwa. Shukeni."

Akazima injini, akaketi peke yake, akabonyeza. Taa ndogo ya ufunguo ikamemeta, gari kimya. Akaketi mshonaji, akabonyeza. Kimya vilevile.

"Umeona? Limepona lenyewe," fundi alisema. "Bila rimoti haliwaki."

Mtoto alikuwa amechoka kusimama juani, akapanda kiti chake cha nyuma. Mama akabonyeza tena, basi tu, na injini ikanguruma.

Fundi hakucheka tena. Alimvua mtoto viatu, akageuza mifuko ya sare yake, akamwaga begi la shule juu ya boneti, madaftari na penseli zikatawanyika, hakuna rimoti. Akimshusha, gari linagoma, akimpandisha, linawaka, na kila lilipowaka ilitoka kwenye viti harufu ya nywele zilizoungua, kwanza hafifu kiasi cha kudhani ni waya, kisha nzito ikiwashika kooni, mpaka mama akasahau kukohoa kwa vile alivyokuwa akimtazama mwanawe, ambaye alikuwa akitabasamu.

"Mwanangu," aliuliza kwa sauti ya chini, "uko na nani humo?"

"Na yule ninayelala naye. Amesema nisikwambie jina lake."

Fundi akamvuta mama pembeni, akanong'ona, "Dada, nikufungie swichi ya ufunguo, ile ya zamani. Sasa hivi. Halitawaka hivi tena."

"Gari litapona. Na mwanangu?"

Fundi akainama kuokota penseli zilizoanguka chini.

Nyuma yao mlango wa dereva ukajifunga, kisha wa abiria, taratibu, kana kwamba anayefunga hana haraka, na mama alipogeuka akaona gia inasogea yenyewe na mlango wa nyuma uliobaki wazi unaanza kurudi, akaacha mkoba, akaacha kiatu kimoja, akajitupa ndani kabla haujamfikia, akamkumbatia bintiye kwa mikono yote miwili, na ndipo alipohisi kwamba mtoto hakuwa amekaa kwenye kiti, maana chini yake palikuwa na magoti, magoti makavu ya mtu mzima, yenye joto kama pasi.

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, lakini mikono haikulegea.

"Sogea," alimwambia aliyempakata mwanawe. "Huyu ana mama."

Mlango ukajifunga, na gari likaanza kwenda.