Jina la Mama kwenye Kadi

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipita maktaba ya mtaa kumsaidia mkutubi kupanga vitabu, kisha akakimbilia nyumbani kwa bibi yake. Jina hilo la utani alilipata kwa domo lake lisilopumzika. Lakini wiki hii alikuwa kimya, hata bibi akamwuliza kama anaumwa jino.

Hakuumwa jino wala nini. Mfukoni mwa sare yake mlikuwa na kadi, ile inayokaa nyuma ya kitabu cha maktaba, ambapo kila anayeazima huandika jina lake. Mstari wa sita ulikuwa na jina la mama yake, herufi zimelalia kulia. Mama alifariki Chiriku akiwa na miaka mitatu, na bibi akiulizwa habari zake hulia tu. Jamani, alivyomtamani mama! Basi akaichomoa ile kadi, akaificha.

Alhamisi mwalimu wa Chiriku alileta darasa lao zima maktabani.

"Riwaya hii kuhusu mkunga imempa mwandishi wake sifa kila mahali," alisema akiinua kitabu. "Watu husema imeibadilisha jamii. Imeibadilishaje? Leo tutawauliza waliokisoma hapa mtaani. Dada mkutubi, tusomee majina."

Mkutubi akafungua nyuma. "Ala! Kadi imekwenda wapi?"

Akapekua droo, akapiga magoti kuchungulia chini ya kabati, na mgongo wake ule mbovu. Chiriku aliushika mfuko wake. Akiitoa kadi, atampoteza mama mara ya pili, ndivyo alivyoona. Lakini mkutubi alikuwa anaugulia maumivu pale sakafuni.

"Ninayo mimi," alisema Chiriku akimnyooshea kadi, machozi yakimtoka. "Nisamehe, dada mkutubi. Ina jina la mama yangu."

Mkutubi aliinuka polepole, akaisoma kadi bila kumgombeza. "Huyu wa mstari wa saba namjua. Ni mkunga wa zahanati hapo ng'ambo ya barabara. Twendeni."

Mkunga aliposikia habari ya kitabu, alipiga makofi.

"Wee! Kitabu kile ndicho kilichonirudisha shule! Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Dada mmoja akanishika mkono hadi maktaba, akakirudisha, akataka nikiazime mimi papo hapo. Alikuwa na domo, huyo! Hakunyamaza mpaka nikakubali."

"Ni mama yangu," alisema Chiriku.

Mkunga akamtazama, akamkumbatia. Chiriku alicheka huku analia. Kumbe domo lile amelirithi, na miaka yote hakuna aliyemwambia.

Waliporudi maktabani, mkutubi alimpa kalamu.

"Kadi ni ya wote, mwanangu. Ulipoificha ulibaki na jina tu. Uliposema kweli, umempata mwenye jina. Haya, nawe andika lako, ukakisome."

Chiriku akaandika, akakikumbatia kitabu, akatoka mbio kwenda kwa bibi. Jioni hiyo bibi hakupata nafasi ya kusema hata neno moja.