Saa ya Bibi Pudensiana

Jumatano alfajiri, huko Akheri, ng'ombe ambaye Kandida alipewa na mama mkwe wake, bibi Pudensiana, alikutwa amekufa zizini, povu mdomoni, na pumba zilizobaki kwenye hori zikinuka dawa ya kupe.

Saa tatu asubuhi afande Nalepo, mpelelezi kutoka Arusha mjini, alikuwa ameshafika. Wa kwanza kushukiwa alikuwa jirani, Fanuel, ambaye mahindi yake yaliliwa na ng'ombe huyo, naye akaapa kulipiza. Lakini Fanuel alikesha msibani Sombetini, na waombolezaji walimthibitisha.

"Hakuna aliyesikia kitu?"

Kandida akasita. "Jana usiku nilikuwa jikoni. Mama mkwe akapiga kelele dirishani, 'Agnela, unamwaga nini humo?' Nikatoka mbio, sikuona mtu. Sasa ukimwuliza, hakumbuki."

Agnela, mke wa kaka mkubwa wa mumewe Kandida, akacheka. "Afande, mama anaona watu wasiokuwepo. Juzi kaongea na marehemu baba mkwe."

"Nani mwingine alimsikia akiongea na marehemu?"

"Mimi tu," Agnela akajibu.

Nalepo alikuwa na mdogo wake aliyependwa na mama yao kuliko yeye, kwa hiyo wivu aliujua vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Ila wivu si ushahidi, hivyo akamwita daktari Violet ampime bibi.

Daktari akampa bibi Pudensiana karatasi. "Shikamoo bibi. Nichoree saa."

Bibi akarundika namba zote upande mmoja, mishale akaisahau. Violet akamchorea saa nyingine, iliyokamilika. "Sasa iga hii." Bibi akaiiga vizuri, kila namba mahali pake.

"Kumbukumbu ndiyo imemtoka," Violet akasema. "Wale ambao ugonjwa huwaonyesha watu wasiokuwepo, mara nyingi hata kuiga huwashinda. Mchoro peke yake haumfungi mtu, lakini sidhani kama bibi anaona mizuka."

Nalepo akamgeukia Agnela. "Basi alimwona mtu kweli. Ulijua atasahau, ukamzushia mizuka ili hata kelele zake zisiaminiwe."

"Nimeolewa hapa miaka ishirini!" Agnela akafoka. "Huyu kaja juzi, kapewa ng'ombe! Mimi nilipewa nini? Lakini sijaua!"

Bibi aliisikia sauti ile, uso ukamng'aa. "Agnela, mwanangu, umeshamkamua ng'ombe wako?"

"Wangu, mama?"

"Sasa ningempa nani, kama si mkwe wangu wa kwanza?"

Agnela akaketi chini, kwenye udongo. "Nimemuua, mama. Nimemuua mwenyewe."

Nalepo akamfunga pingu, akamwinua kumpeleka kwenye gari, bibi akimwita Agnela arudi anywe chai. Kandida, aliyemwogesha na kumlisha bibi yule mwaka mzima, akabaki mlangoni akimwonea wivu mwenye pingu.